Mambo Msiige si jumba la Waingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nisahihishe jambo moja lililoandikwa hivi karibuni katika makala ya utalii ya gazeti lako, ambamo mwandishi alilitaja jumba la Mambo Msiige, lililopo Shangani hapa Unguja, kuwa ni jumba la Waingereza lililojengwa kwa ajili ya ubalozi wao. Simlaumu mwandishi peke yake, kwa sababu maneno hayo hayo nimeyasikia kwa vijana wetu wanaotembeza wageni, na nimeyasikia hata kwa watu wazima waliozaliwa na kukulia mitaa hiyo. Lakini mimi nimekuwa fundi mwashi wa mawe na chokaa katika Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka thelathini, na nyumba hizi nimezijua kwa kuzichimbua kuta zake na kuzijenga upya. Kuliacha neno hilo lipite naona ni kuwadhulumu watu waliozijenga.

Mambo Msiige lilijengwa karibu na mwaka 1850 na Mwarabu tajiri aliyeitwa Salim bin Harith, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Seyyid Said bin Sultan. Waingereza waliingia humo katikati ya miaka ya 1870, wakati jumba limeshapigwa na masika yasiyopungua ishirini. Jina lake pia ni ushahidi, kwa sababu hayo ni majigambo ya Kiswahili kitupu: mwenye nyumba anawaambia majirani zake kwamba mambo haya msiyaige, hamtayaweza. Wazee husimulia kuwa chokaa ya kuta zake ilichanganywa na ute wa mayai, mayai yasiyo na hesabu, ili jengo lipate nguvu. Juu ya mayai siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba chokaa iliyozimwa vizuri na kuachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumika huwa laini na yenye kunata, na ikishakauka ukutani kwa miaka hukaza kiasi kwamba ukiigonga kwa patasi inatoa mlio kama wa chungu kilichoiva. Aliyeugonga ukuta wa namna hiyo hawezi kushangaa kwamba watu walitafuta sababu ya ajabu.

Kabla ya hapo ubalozi wa Uingereza ulikuwa katika jumba jingine, hapo hapo ufukweni Shangani, tangu alipofika balozi wao wa kwanza, Kapteni Atkins Hamerton, mwaka 1841 hadi mwaka 1874. Kwa lugha ya leo tungeuita ubalozi mdogo, lakini kwa kuwa mtu huyo alizungumza na Sultani ana kwa ana kwa niaba ya serikali yake, kazi yake ilikuwa ni ya ubalozi kamili. Ukutani pana kibao kinachosema kwamba Speke, Burton, Grant na Kirk, wasafiri wa Kiingereza waliokwenda kuichunguza bara, waliishi humo kwa nyakati mbalimbali, kwamba mmisionari na msafiri David Livingstone naye aliishi humo, na kwamba mwili wake ulilazwa katika nyumba hiyo ukiwa njiani kurudishwa kwao. Yote hayo ni kweli na sioni sababu ya kukiondoa kibao hicho. Tatizo ni kwamba mtu akikisoma atadhani jumba lilianza kuwa na maana siku wageni hao walipoingia mlangoni. Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na mwili wake uliletwa pwani na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, walioukausha kwa jua na kuubeba kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Waliobeba hawamo kwenye kibao, wala mwashi mmoja hakutajwa.

Kwa nini mabalozi wote walikimbilia Shangani? Jibu limo katika majengo yenyewe. Marekani ndiyo iliyotangulia kuwa na balozi wake hapa, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati yake na Seyyid Said. Balozi huyo, Richard Waters kutoka mji wa Salem, alifika mwaka 1837. Alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, akinunua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, na nchi yake ikituletea nguo ya pamba ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Mtu wa namna hiyo alihitaji nyumba yenye ghala chini na makazi juu, iliyo karibu na mashua, na yenye paa ambalo nahodha akiwa bado nje ya bandari ataiona bendera yake. Majumba ya matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi ya ufukweni yalikuwa na sifa hizo zote tayari, maana wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa bidhaa zile zile. Waingereza walifuata kwa mkataba wa mwaka 1839 na Wafaransa kwa mkataba wa mwaka 1844, na wote waliingia katika mji ambao ujenzi wake ulikuwa umekwisha kujua unachotaka.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu isiyoandikwa. Kuta za majumba haya ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, mawe mepesi yenye vitundu, yaliyopangwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Unene wake ni karibu nusu mita, na kwa chini mara nyingi huzidi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo kubwa la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae. Juu ya kuta zikalazwa boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka Delta ya Rufiji na kutoka Lamu, na hapo ndipo ilipo siri ya umbo zima la nyumba: boriti nzuri ya mkoko haivuki nafasi inayozidi mita tatu hivi, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu kadiri mwenye nyumba anavyotaka, lakini upana wake umeshaamuliwa na mti. Ndiyo maana vyumba vya majumba yetu ni virefu na vyembamba, vimepangwa kuuzunguka ua wa katikati unaovuta upepo na kuingiza mwanga, na ndiyo maana fundi akiingia katika nyumba ya Mji Mkongwe akapima chumba kimoja anaweza kukisia vilivyobaki bila ya kuvifungua.

Juu ya boriti yanapangwa mawe bapa, na juu ya mawe hayo inamwagwa sakafu ya chokaa na kokoto za matumbawe, ambayo inapigwa kwa vipande vya miti siku baada ya siku mpaka ishikane. Babu yangu, aliyenifundisha kazi hii, alinisimulia kuwa wapigaji walikaa kwa mstari na kupiga kwa kufuata wimbo, ili pigo la mtu wa mwanzo na la mtu wa mwisho yashuke pamoja na sakafu isiwe na mahali palipolegea. Ndani ya kuta waliacha mashubaka ya kuwekea taa, vyombo na misahafu. Mbele wakaweka mlango wa kuchongwa wenye miimo, kizingiti na mfaa wa katikati. Nje ukuta uliachwa mweupe na mtupu, kwa sababu nyumba ya Mwarabu wa wakati ule ilificha uzuri wake ndani, na mgeni aliyesimama nje alionyeshwa mlango peke yake.

Mabalozi walipohamia walibadilisha mambo, na haki yao nayo isemwe. Katika majumba ya Shangani kwa jumla, nusu ya pili ya karne ya 19 ndiyo ilipoanza kuonekana roshani za mbao zilizotokeza mbele, madirisha mapana ya kutazamia bahari, vioo, na mapaa ya mabati yaliyochukua nafasi ya mapaa bapa ya chokaa. Roshani tumezipata zaidi kwa mafundi na matajiri wa Kihindi kuliko kwa Wazungu. Bati lilikuwa na faida yake pia, kwani paa bapa lisipotunzwa kila mwaka kabla ya masika linavuja, na maji yakishaingia kwenye vichwa vya boriti kazi inakuwa kubwa.

Yaliyotokea ndani ya kuta hizo ni mazito zaidi kuliko mabadiliko ya madirisha. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa kwa miaka mingi, ndiye aliyemshinikiza Sultani Barghash mpaka ukatiwa saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kulifunga soko la watumwa. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na hapo likatokea jambo ambalo mimi kama fundi hunifikirisha sana: nyumba ya mgeni aliyekuja kumbembeleza Sultani ikawa nyumba ya mtu anayempa Sultani amri, na hakuna jiwe hata moja lililosogezwa. Kuta zilikuwa zile zile, ngazi zile zile, na mlango ule ule.

Miaka sita baadaye jengo jingine la ubalozi lilionyesha kwamba ukuta wa ubalozi una nguvu ya aina yake. Meli za Kiingereza zilipolipiga jumba la Sultani kwa mizinga asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekalia kiti cha usultani bila ya ridhaa yao, alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani, na Waingereza wakaweka walinzi nje wamkamate akithubutu kutia mguu katika ardhi ya Zanzibar. Alikaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba Wajerumani walingoja maji yajae, mashua ya manowari yao ikasogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, na Khalid akapanda moja kwa moja kutoka ndani ya uwanja wa ubalozi bila ya kukanyaga mahali ambapo angeweza kukamatwa, akapelekwa Dar es Salaam. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu lango lilikuwa limejengwa pale bahari inapofika. Mtu akiniuliza kwa nini nang'ang'ania kwamba historia ya ujenzi iandikwe pamoja na historia ya mikataba, humpa mfano huo.

Mwaka 1913 mambo ya Zanzibar yalihamishwa kutoka wizara ya mambo ya nje ya Uingereza kwenda wizara ya makoloni, na kazi ya balozi ikakoma. Mambo Msiige likawa hospitali ya Wazungu kwa muda, kisha likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na wasomaji wengi wa rika langu wanalikumbuka kwa sura hiyo: vumbi la mafaili, madirisha yaliyokatika bawaba, na upepo wa bahari unaoingia pasipo kubishiwa. Tangu mwaka 2015 ni hoteli, pamoja na jengo jipya lililoongezwa ubavuni katika eneo lililokuwa wazi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ukubwa wa jengo hilo jipya uliitia wasiwasi Kamati ya Urithi wa Dunia. Nami naona wasiwasi huo ulikuwa wa haki, kwani majumba ya ufukweni yalijengwa ili yaachiane nafasi ya upepo, na nafasi hiyo ni sehemu ya jengo kama ulivyo ukuta. Hata hivyo, nakubali pia kwamba jumba lenye watu ndani linapona kuliko jumba lililofungwa.

Sasa nifike kwenye madhara ya kuamini kwamba majumba haya ni ya Waingereza. Mwenye kuamini hivyo huamini vilevile kwamba yamejengwa kwa vitu vya Waingereza, na akitaka kuyatengeneza hununua saruji. Miaka michache iliyopita niliitwa katika nyumba moja ya zamani ya Shangani, sitaitaja, ambayo ilikuwa imepigwa lipu ya saruji ndani na nje na mkandarasi mmoja aliyeondoka akisifiwa kwa kazi safi. Kwa mwaka wa kwanza ilipendeza. Nilipofika mimi, chumba cha juu kilikuwa kimezama upande mmoja kiasi cha upana wa vidole vitatu, na ukutani chini ya dari palikuwa na mstari wa unga mweupe wa chumvi. Nilibandua lipu kwa patasi mahali boriti inapoingia ukutani. Boriti kwa nje ilikuwa nzima, nyeusi na ngumu, kama mkoko unavyopaswa kuwa. Lakini kichwa chake, ile shibiri moja na nusu iliyokaa ndani ya ukuta, kilivunjika mkononi mwangu kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nilihesabu kumi na moja katika chumba kimoja zilizokuwa hivyo.

Sababu yake si fumbo. Jiwe la matumbawe linanyonya maji kutoka ardhini na kutoka hewani, nalo linayatoa tena kupitia chokaa, kwa sababu chokaa inapumua. Saruji haipumui. Ukuta uliofungwa kwa saruji unabaki na unyevu wake ndani, chumvi ya bahari inakusanyika nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ipasuke, na maji yanatafuta mahali pa kwenda, yanapakuta kwenye mti. Mwashi aliyemjengea Salim bin Harith aliyajua hayo bila ya kuwa na cheti. Tulioiona tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha, hatuhitaji kuambiwa kwamba jengo la kale likichoka haliko tayari kumngoja mtu amalize vikao. Jumba lile la Barghash la mwaka 1883 lina habari zake, lina nguzo za chuma na mambo mengine ambayo hayamo katika nyumba za kawaida, kwa hiyo sitaki kulilinganisha moja kwa moja na majumba ya Shangani. Nalitaja kwa sababu baada ya siku ile mimi na wenzangu wawili tulizunguka mtaani tukihesabu mafundi wanaojua kuizima chokaa wenyewe, tukaviona vidole vya mikono vinatosha.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayaelekeza kwa mamlaka zinazohusika na Mji Mkongwe na kwa wenye majumba pia. Kwanza, kwenye jumba lile la kwanza la ubalozi kiongezwe kibao cha pili, cha Kiswahili, kisemacho jengo lenyewe ni la aina gani, limejengwa kwa mawe na miti gani, na kwamba Susi na Chuma nao wamo katika habari yake. Na Mambo Msiige nalo lipate kibao chenye jina la Salim bin Harith na maana ya jina la jumba. Pili, kibali cha matengenezo ya nyumba ya mawe kisitolewe mpaka mwenye nyumba aeleze ni lipu gani itakayopigwa, na mkaguzi arudi kuibandua sehemu ndogo aone kama alichoambiwa ndicho kilichofanywa. Sharti la kulinda sura ya nje peke yake halitoshi, kwani nyumba niliyoieleza hapo juu ilipita ukaguzi wa sura bila ya tatizo. Tatu, vijana wapewe nafasi ya kujifunza kazi hii kwa kulipwa. Kijana hawezi kuacha kibarua cha matofali ya saruji, kinachompa fedha jioni ile ile, aje kukaa na mzee anayengoja chokaa ikae miezi.

Na kwa mwandishi wa makala ile, akija Unguja nitafurahi kumpitisha mwenyewe Shangani, kuanzia lile jumba la kwanza la ubalozi hadi uwanja wa Kelele mbele ya Mambo Msiige. Njiani pana uchochoro ambao lipu ya ukuta mmoja imeanguka kwa urefu wa mtu, na mtu akisimama hapo asubuhi, jua likiwa bado upande, anaona kila kitu: jiwe, udongo mwekundu, chembe nyeupe za chokaa ambazo hazikusagika vizuri, na mahali fulani, kama kifundo cha mkono kutoka chini, alama za vidole vya mtu aliyeisukuma chokaa ndani ya nafasi ya mawe kwa mkono wake, ikamkaukia hivyo.

Fundi mwashi mstaafu,
Mkunazini, Zanzibar